Gari Inagonga Nikiwemo Mimi

Jumatatu, Mfungo Mosi tatu

Sikukuu ya tatu leo. Skuli sikwenda, kwa hiyo anayeona mwandiko wangu mbaya na afumbe macho. Chuoni nilikwenda, msahafu nnausoma. Herufi hizi za skuli kanifundisha mjukuu wangu Ilham alipokuwa darasa la pili. Yeye alikuwa akifundishwa asubuhi, mimi nikifundishwa jioni, na nikikosea akinichapa kidole kwa kibao chake.

Sasa Ilham huyo ana mimba kubwa. Yuko kwake Chukwani na mama mkwe wake, mumewe yuko Pemba kikazi. Daktari kamwambia alale, asitikisike, na uchungu ukimjia apelekwe hospitali hapo hapo. Jana kanipigia simu. "Bibi, andika kila siku, hata mstari mmoja. Nikishajifungua utanisomea nicheke." Haya mwanangu, nnaandika.

Mimba yake ya kwanza ilipotea. Uchungu ulimjia mvua inanyesha, gari tuliyoiita haikuja, iliyokuja ikaja imechelewa. Mtoto tulimzika. Sisemi zaidi ya hapo.

Nadir, kaka yake, siku ile hakufungua mdomo. Akenda akafanya kazi kama punda mpaka akanunua gari. Akaja akaniambia, "Bibi, hatuiti tena gari ya mtu." Mungu ampe kila alitakalo. Mama yao yuko Maskati, mimi ndiye niliyewalea wote wawili hapa Jang'ombe, na siku ile nilijua sikupoteza muda wangu.

Halafu akaichukua hiyo gari akampelekea rafiki yake Suhail, wakaishusha.

Kushusha maana yake wamezikata springi, gari ikakaa chini kama kuku anaatamia. Vijana wanasema ndiyo inapendeza. Mimi kukaa ndani yake ni kama kukaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, na kutoka sharti nivutwe mikono miwili.

Alhamisi, sita

Mvua imeanza. Kila Alhamisi Nadir hunipeleka Chukwani kumpelekea Ilham chakula.

Nadir ana adabu. Gari yake huisikia kwa muziki kabla sijaiona, dum dum dum, mpaka vikombe kabatini vinacheza. Lakini nikifungua mlango tu, anazima. Sijapata kumwambia azime. Ndivyo alivyolelewa, na aliyemlea ni mimi.

Basi leo tunakwenda, kimya, mara nikasikia chini ya mguu wangu: ko. Tukapita kijishimo: ko-ko.

"Nadir, nini hicho?"

"Barabara, bibi."

"Barabara haigongi kutoka ndani ya gari."

 Nikamtazama mikono. Gari inakwenda sawa, lakini usukani kaushika umekwenda upande, kama kofia ya mtu aliyevaa kwa haraka. Nikamuuliza na hilo. Kasema ndivyo ulivyo.

Ilham hajambo. Mtoto anampiga mateke. Kala samaki wote, mchuzi kaufuta kwa mkate.

Ijumaa, saba

Mvua. Nimeshona safu moja ya viua kwenye kofia ya Nadir, ambayo ilikuwa iwe ya Sikukuu na Sikukuu imenipita.

Jumatatu, kumi

Nadir kaja baada ya kazi, kakaa mkekani mbele yangu, kashika magoti. Nikajua kuna jambo.

"Bibi, usikasirike."

"Nikikasirika utajua. Sema."

"Ule mlio wa gari, ile ko-ko. Nimeisikiliza siku zote hizi. Nikiwa peke yangu haigongi. Nikiwa na Suhail haigongi. Inagonga ukipanda wewe."

"Kwa hiyo mimi ndiye boliti iliyolegea?"

"Sikusema hivyo, bibi. Nnasema upande wako ule wa kushoto... uzito..."

"Nadir, mimi mnene. Nilikuwa mnene kabla gari hiyo haijatoka kwao Japani."

Kacheka, nami nikacheka. Nikampa chai na vitumbua. Lakini alipoondoka nikaweka kofia chini. Gari ile haikununuliwa ya matembezi yangu mimi. Imenunuliwa ili siku ya Ilham ikifika iwepo, nzima, haina kasoro. Kama mimi ndiye ninayeivunja, na iwe mwisho kupanda.

Jumanne, kumi na moja

Muhogo wa nazi. Mvua kidogo.

Alhamisi, kumi na tatu

Chakula nimekituma na Nadir, mimi nimebaki. Ilham kapiga simu papo hapo.

"Bibi, mbona hukuja?"

"Nnavunja gari ya kaka yako."

Nikamweleza. Kacheka mpaka mama mkwe wake akamsikia akamwambia alale chini asimtikise mtoto. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Lakini siku yangu utakuja, bibi? Sitaki kwenda bila wewe."

Nikamwambia nitakuja, hata kama nitakwenda kwa miguu na wao wanipite na gari.

Nimekata simu, nimekaa nayo mkononi.

Jumapili, kumi na sita

Suhail kaja kuitengeneza gari mlangoni kwangu. Kijana huyu simpendi. Suruali yake nayo imeshushwa. Kila kitu cha kijana huyu kinataka kwenda chini. Hata "shikamoo bibi" yake naisikia kwa tabu.

Kaleta kipande kigumu cha mpira, kakipachika katikati ya springi ya upande wangu, kushoto mbele, ati springi isibonyee nikikaa. "Sasa bibi hata ukija na mashoga zako watatu."

Nikamwambia, "Mashoga zangu wawili wamekufa, na huyo wa tatu hapandi gari ya mtu asiyejifunga mkanda wa suruali." Nadir aligeuka ukutani kucheka.

Gari sasa imepandisha bega moja, kama mtu anayesema sijui.

Jumatano, kumi na tisa

Mvua kutwa. Ukuta wa uani umelowa mpaka ndani. Namshukuru Mungu bati halivuji.

Alhamisi, ishirini

Leo nimepanda, kwa kuwa Nadir kaniapia kwamba imepona.

Haijapona. Inagonga kuliko mwanzo. Tulipofika kwenye tuta la Mazizini, Nadir kapunguza vizuri, hakuna haraka, gari ikapanda, ikashuka, na iliposhuka ikajiendea kushoto yenyewe kama mbuzi kaona majani. Nadir akauvuta usukani kwa mikono miwili. Tumepita karibu na ukuta wa watu, ningenyoosha mkono ningeushika.

 Nilisoma nilichojaaliwa kusoma.

Tulipofika Chukwani, wakati ananivuta kutoka, baibui langu likanaswa na gurudumu. Nikainama kulinasua. Kwa nje mpira wa gurudumu lile mpya, ukiutazama barabarani unausifu. Kwa ndani, upande asiouona mtu, umekwisha, laini kama kipara, na pembeni kabisa nyaya zimetoka. Waya ndio ulionishika nguo.

Nikamwita. "Njoo utazame. Weka mkono hapa. Taratibu usijichome."

Kaweka mkono. Akauondoa upesi.

"Kesho kwa fundi," nikamwambia.

"Suhail atautazama, bibi."

"Suhail kashautazama. Ndiyo maana uko hivyo."

Kwa Ilham tumeingia tunacheka. Hajui kitu. Kasema leo mtoto katulia, na mgongo unamuuma chini. Nimeukanda kwa mafuta ya nazi.

Jumamosi, ishirini na mbili

Haya nayaandika yote, mkono uume utakavyo.

Jana fundi alikuwa amefunga, Ijumaa. Leo asubuhi tumekwenda kwake Ng'ambo, polepole, kwa njia za ndani. Fundi Ubwa ni mtu wa makamo, mrefu, maneno machache, mama yake nilikuwa nikimjua. Kanikalisha juu ya tairi la lori lililolazwa chini, kanitandikia gazeti, kanipa kahawa.

"Haya, Bi Mwatum. Nani anaisikia?"

"Mimi."

"Na wewe kijana?"

"Nnaisikia akiwemo bibi tu, fundi."

Fundi akamtazama. Akaingiza jeki, akanyanyua upande wangu mpaka gurudumu likaning'inia. Akalishika juu kwa mkono mmoja, chini kwa mkono mwingine, akalitikisa. Ko. Kidogo tu, lakini ile ile. Mwili wangu wote uliijua.

"Njoo, Bi Mwatum. Weka kiganja hapa."

Nikaweka kwenye chuma alichonionyesha, yeye akatikisa tena. Nikahisi kinacheza ndani, kama jino la mtoto linalotaka kutoka. Akaniambia hiyo ndiyo boli jointi, kiungo cha chini, ndiyo inayolibeba gurudumu na kuliacha ligeuke. Halafu akalishika gurudumu kulia na kushoto, akatikisa, kukawa na mchezo mwingine. Hiyo tairodi, fimbo inayotoka kwenye usukani. Akaingia uvunguni na taa, akatuita. Vile vipira vya kwenye viungo, bushi, vimechanika mdomo wazi. Kipande cha mpira cha Suhail kakichomoa kwa mkono mmoja akakitupa.

"Nani kakata springi hizi?"

"Mimi, fundi."

Sote tuligeuka. Suhail kasimama mlangoni kwenye mvua. Nadir alikuwa amemwambia tuko pale. Nilidhani atajificha nyuma ya mwenzake, hakujificha. Kaingia, kasimama mbele ya fundi kama mtoto aliyevunja sahani.

Fundi hakumtukana. Kachukua kijiti akachora ardhini. "Mikono hii ya chini, kwao, inakaa imelala. Mkiishusha gari, mikono inapinda kwenda juu, na boli jointi inafanya kazi imejikunja saa zote, haipumziki. Gurudumu linaingia ndani kwa juu, linakanyaga kwa ukingo, ndiyo mpira unalika ndani. Shokapu, ile inayomeza mtikisiko, haina pa kwenda, inapiga mwisho wake. Ukipita shimo, kila kitu kinapiga kila kitu. Kushusha kunawezekana, watu wanafanya, lakini si kwa msumeno."

Suhail kasema, "Ndiyo, fundi."

Lakini Nadir hakutosheka. Nami sikutosheka. Akauliza, "Sasa mbona nikiwa peke yangu haigongi? Wallahi haigongi, fundi."

Fundi akaiteremsha jeki. "Nenda nayo mpaka pale kwenye kona, polepole sana, urudi. Bibi atabaki hapa na mimi."

Nadir akaingia, akawasha gari. Na muziki nao ukawaka wenyewe. Dum dum dum! Kahawa yangu ilitetemeka kikombeni. Kuku wa jirani walikimbia.

Fundi Ubwa kanitazama. Mimi nikamtazama yeye. Akanyanyuka, akaingiza mkono dirishani, akazima.

"Nenda hivyo hivyo."

Akenda. Tukaisikia mpaka konani, ko, ikapinda, ko-ko, ikarudi. Nadir akasimamisha, hakushuka. Mikono juu ya usukani, macho mbele.

"Bibi," akasema. "Inagonga."

"Na mimi nimekaa hapa, juu ya tairi la lori."

"Imekuwa ikigonga siku zote."

"Siku zote, baba."

 Mvua kwenye mabati. Halafu Suhail kacheka bila ya kutaka, kajiziba mdomo, fundi akacheka, na mimi ndiyo nikamaliza kabisa, nimecheka mpaka ushungi umenivuka. Mtoto kila akinipakia anazima muziki kwa adabu, anasikia gari inalia, anadhani ninailiza mimi. Akinishusha anafungulia, haisikii, anadhani imefurahi nimeshuka!

Nadir kashuka, kaja, kapiga magoti kwenye mafuta yale na suruali yake nzuri, kanibusu mkono. "Nisamehe, bibi. Nimekwambia mnene."

"Hilo ni kweli. Kuhusu gari ndiyo umekosea."

Lakini Fundi Ubwa alishaacha kucheka. Kaniambia mimi, si wao: "Bi Mwatum, hii ilikuwa itoke. Tuta lolote. Ikitoka, gurudumu linalala, na usukani unabaki mkononi hauna kazi."

Nikamfikiria Ilham kiti cha nyuma, na uchungu wake. Nikakumbuka ule ukuta wa Mazizini. Nikasema alhamdulillahi. Tena na tena. Mungu kanipa masikio, akampa mtoto adabu ya kuzima kelele niyatumie.

Gari imebaki pale. Boli jointi, bushi na tairodi fundi anavipata mjini. Springi nzima za aina ile hakuna dukani, sharti zitoke Dar, na bahari mbaya, mizigo haiji. Kasema akifunga vipya juu ya springi zilizokatwa, vitaliwa vile vile.

Ilham siku zake zimekaribia, na gari yetu imelala gereji.

Jumatatu, ishirini na nne

Springi hazijaja. Mvua.

Jumanne, ishirini na tano

Hazijaja. Nadir kazunguka kwa majirani wenye gari. Kila mmoja anasema inshallah, na mimi inshallah ya namna ile naijua.

Alhamisi, ishirini na saba

Ilham kapiga simu alfajiri, tumbo limemkaza. Nilivaa baibui nikakaa kitini mlangoni na mkoba mapajani. Likapoa. Kasema, "Bibi, gari ipo?"

Nikamwambia iko kwa fundi, inafanywa iwe nzuri kwa ajili yako. Na ni kweli. Lakini nilipokata simu nilimwambia Mungu maneno ambayo siyaandiki, mazito, ya kumbembeleza.

Ijumaa, ishirini na nane

Nimemwona Suhail anapita mbele ya mlango kwa miguu, kalowa chepechepe, viatu kavishika mkononi.

"We Suhail! Gari yako iko wapi?"

"Imepumzika, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Njoo ule."

Hakuja, ana haraka. Lakini shikamoo leo nimeisikia.

Jumamosi, ishirini na tisa

Nadir kaniita nije Ng'ambo. Nimefika nimeikuta gari imesimama kwa miguu yake. Juu! Kama gari za watu wengine. Springi zimo, nzima.

"Mzigo umekuja?" nikamuuliza fundi.

Fundi kafuta mikono. "Mzigo haujaja. Hizo katoa kijana kwenye gari yake mwenyewe. Aina moja. Ile yake iko nyumbani kwao juu ya matofali."

Nikamtafuta Suhail kwa macho. Yuko uvunguni, miguu tu inaonekana, na suruali ile ile.

"Suhail. Kumbe yako hukuishusha?"

Sauti ikatoka chini. "Mimi, bibi, kwetu njia mashimo matupu."

"Hodari wa kukata vya wenzio!"

"Ndiyo, bibi." Nikasikia spana inawekwa chini. "Mtoto wa Ilham, yule wa kwanza, mimi ndiye niliyekwenda kumtafutia gari siku ile. Nilikimbia mpaka stendi. Sikuipata mapema."

Sikujua. Miaka yote hii sikujua, na hakuna aliyeniambia. Nilikaa juu ya tairi langu la lori. Nimekaa na kijana huyu miaka yote ninatazama suruali.

Bado ilibaki kunyoosha magurudumu. Fundi Ubwa anafunga uzi toka nyuma ya gari mpaka mbele, kila upande, umekazwa, apate kuona kila gurudumu linatazama wapi. Uzi wake wa katani umeingia maji, unalegea katikati, kila akipima anapata jibu jingine, anaguna. Nikafungua mkoba nikatoa uzi wangu wa kofia.

"Huu haulegei. Nimeshonea vichwa vya watu kwa huu."

Kaukaza. Ukasimama kama mstari wa daftari. Mimi nimeshika ncha moja, Suhail ncha nyingine, Nadir usukani, fundi anageuza tairodi kidogo kidogo, "Hapo... rudisha... hapo." Alipomaliza, usukani umekaa sawa na gari imekaa sawa. Mpira uliolika kaubadilisha.

Nadir kaniambia nipande nijaribu. Nikafungua mlango, nikakaa kama nakaa kitini kwangu. Hakuna aliyenivuta.

Jumapili, thelathini

Nimepika biriani nikawapelekea gereji sufuria nzima. Suhail kala sahani mbili, nikamwongeza ya tatu bila ya kumuuliza.

Jumanne, Mfungo Pili mbili

Uchungu umekuja leo, na siku kama ile ile. Mvua imeanza kabla ya alfajiri, mvua ya kumwaga, huoni nyumba ya pili. Nimemaliza kusali, simu ikalia. Ilham. Hakusema shikamoo.

"Bibi, maji yametoka."

"Kaa chini. Usiogope. Tunakuja."

Nadir alikuwa kashaamka, funguo mkononi, sijui kalala na funguo. Mbele ya mlango maji yamefika vifundoni. Nimepanda, tumekwenda. Muziki haukuwaka, aliuchomoa kabisa siku ile ile kwa fundi.

Njia ya Mazizini imejaa maji. Gari ndogo mbili zimezimika katikati, mojawapo imeshushwa, vijana wanaisukuma. Nadir kaitazama. Kapita pembeni, polepole, gia ndogo, maji yakipiga chini ya miguu yangu lakini hayaingii. Na katikati ya maji yale kulikuwa na shimo, nani angeliona? Gurudumu la upande wangu likatumbukia. Dum!

Nikangoja ko. Nikaingoja kwa mwili mzima, toka unyayo mpaka utosi.

Haikuja.

Gari ikatoka shimoni, ikanyooka yenyewe, usukani sawa mikononi mwa mtoto wangu. Nadir kapumua, nami nimepumua. 

Tulipofika Chukwani, Ilham tumemlaza nyuma, mimi nimehamia huko, kichwa chake mapajani kwangu. Kila uchungu ukija ananikamata mkono, na nguvu za mtoto huyu, mama yangu we! Katikati akaniuliza, "Bibi, mbona leo gari hailii?" Nikamwambia imeona wewe unalia inatosha. Kacheka na machozi yanamtoka. Kwenye matuta Nadir aliipandisha na kuishusha kama kabeba mayai.

Tumefika mapema. Naliandika neno hili peke yake: mapema. Wakunga wamempokea mlangoni, kitanda kipo, daktari yupo.

Adhuhuri kazaliwa msichana. Kalia kabla hajamaliza kutoka, sauti kama ya muuza samaki. Nimempokea, nimemwadhinia... hapana, Nadir ndiye aliyemwadhinia, kwa niaba ya baba yake, mimi nilikuwa siwezi kutamka kitu. Yule wa kwanza nilimpokea kimya. Huyu kanipigia kelele masikioni na nimemwambia piga mwanangu, piga, ongeza.

Jioni Suhail kaja hospitali, kwa miguu, kalowa, na chupa ya uji wa pilipili manga kutoka kwa mama yake. Neno lake la kwanza, "Springi zimefanyaje?" La pili, haraka, "Yaani, mama hajambo?"

Nikamvuta kichwa nikambusu utosini, na maji yote yale.

Jumatano, tatu

Kofia nimeimaliza. Nilikuwa nikimshonea Nadir. Nadir atangoja nyingine.

Alhamisi, nne

Leo tumemtoa Ilham hospitali, tumekuja naye hapa Jang'ombe, arubaini yake ataikaa kwangu, baba wa mtoto kesho anaingia kutoka Pemba. Mvua imekatika, jua limetoka, barabara zinafuka mvuke.

Mimi mbele, Ilham nyuma na mtoto. Nadir anaendesha, kimya, kama kawaida akiwa na mimi. Nikasikiliza. Gari haisemi kitu. Nikasikiliza tena. Hata mtoto hasemi kitu.

"Nadir, fungulia muziki wako."

Akageuka kunitazama, nikamwambia atazame mbele.

"Bibi, nini?"

"Muziki. Ule ulionitia hatiani. Nataka kuusikia."

"Nimeuchomoa, bibi."

"Uchomeke."

Ilham nyuma anacheka, anasema, "Kaka, fanya unaloambiwa." Kasimamisha pembeni, kaingiza mkono chini huko, kachomeka, kafungulia kidogo sana, kama mtu anayepika chakula asichokijua. Nikaongeza mwenyewe. Kelele tupu, sikufahamu neno. Mtoto kalala fofofo.

Tukaenda hivyo. Lakini nimemwona. Kila tukikaribia tuta, mkono wake unakwenda, anapunguza, tunapanda, tunashuka, anasikiliza. Hakuna kitu. Anaongeza. Tuta jingine, anapunguza, anasikiliza, anaongeza. Sikumkataza. Na mimi nilikuwa nikisikiliza.

Mwisho wa njia, karibu na kwetu, lipo lile tuta baya ambalo hakuna anayelipenda. Mlangoni tumemwona Suhail kasimama anatungoja, ile kofia niliyoimaliza jana iko kichwani, imemkaa vizuri.

Nadir alikuwa anaimba. Tumelipanda lile tuta, tumelishuka, na mkono wake haukutoka kwenye usukani.